Kiinua Mgongo Kwanza: Kinachomshika Mfanyakazi Mbulu na Hanang

Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, ni mji mdogo wenye hospitali kubwa. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1955 na Walutheri kutoka Norway, na sasa ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu. Ina vitanda zaidi ya 400 na chuo cha sayansi za afya, na wagonjwa huifuata kutoka Mbulu, Hanang, Mkalama na wilaya nyingine jirani. Muuguzi anayetaka kukutana na kila aina ya ugonjwa na upasuaji hadi kazi imkae mikononi hana mahali pengi pa kulinganisha na hapo katika ukanda huu.

Pamoja na hayo, hospitali za misheni nchini zimezoea kulea wauguzi na matabibu, kisha kuwaaga. Serikali ikitangaza ajira, wenye vyeti hutuma maombi. Jina likitoka, mtu hufungasha na kwenda kuripoti kwenye zahanati ya kijiji isiyo na hata nusu ya vifaa alivyoviacha. Wimbi hilo lilipata nguvu baada ya 2007, serikali ilipoanza kutekeleza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo mapya yalihitaji watu, na watu wenye ujuzi walikuwa kwa jirani.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la BMC Health Services Research lilichapisha utafiti wa Nils Gunnar Songstad wa Chuo Kikuu cha Bergen na wenzake, uliofanyika katika eneo hili la Mbulu. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: kwa nini wahudumu wa afya wa vijijini wanapendelea kuajiriwa na serikali? Mtu angetarajia jibu liwe mshahara. Mshahara ulitajwa, na uzito wa kazi ukatajwa pia, kwa kuwa hospitali ya misheni huwa na wagonjwa wengi na usimamizi usiolegea. Lakini jambo lililosimama mbele lilikuwa pensheni. Vijana ambao kustaafu kwao kulikuwa mbali kwa miongo walikuwa wanachagua mwajiri kwa kuangalia atawaacha na nini siku watakapoondoka.

Hesabu ya uzeeni

Kuielewa hesabu yao kunahitaji kurudi kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii ilivyokuwa wakati huo. Watumishi wa serikali kuu walikuwa PSPF na wale wa halmashauri walikuwa LAPF. Waajiriwa wa makampuni na mashirika wengi walikuwa NSSF au PPF. Kila mfuko ulikuwa na kanuni yake ya kukokotoa mafao, na tofauti haikuwa ndogo.

Tuseme watumishi wawili wamechangia miaka 30 kila mmoja, na mshahara wao wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Yule wa PSPF alikokotolewa kwa moja ya 540 kwa kila mwezi aliochangia, nusu ya pensheni yake ya mwaka ikazidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo. Angeondoka na shilingi milioni 62 mkononi, kisha shilingi 333,000 hivi kila mwezi. Mwenzake wa NSSF alikokotolewa kwa moja ya 580, akapewa robo tu ya pensheni ya mwaka ikizidishwa kwa 12.5. Mkupuo wake ungekuwa milioni 23 na ushee, na pensheni ya mwezi kama shilingi 465,000.

Wa pili anapokea zaidi kila mwezi, ni kweli. Lakini ili ziada hiyo ya shilingi 132,000 kwa mwezi ifidie pengo la karibu milioni 39, anahitaji miaka 24. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atalifidia pengo hilo akiwa na 84.

Mtu wa Dongobesh au Endasak hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Milioni 62 kwa mkupuo ni nyumba ya tofali iliyokamilika, ni shamba, ni mashine ya kusaga, ni ada ya mtoto wa mwisho chuoni na ng'ombe kadhaa zizini. Pensheni ya mwezi ni ya chumvi na dawa. Kiinua mgongo ndicho kinachomtoa mstaafu kwenye nyumba ya kupanga na kumrudisha kijijini akiwa na heshima yake.

Ndiyo maana mabadiliko ya 2018 yaliwagusa watu kuliko sheria nyingi nyingine za kazi. Mwaka huo mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, huku NSSF ikibaki na sekta binafsi na watu waliojiajiri. Kanuni mpya zilishusha mkupuo hadi asilimia 25 kwa wote. Kelele zilipanda kutoka vyama vya wafanyakazi hadi vibandani, na neno kikokotoo likaingia kwenye mazungumzo ya kila ofisi ya walimu. Desemba 28, 2018, Rais John Magufuli alisimamisha kanuni hizo na kuagiza za zamani ziendelee kutumika katika kipindi cha mpito hadi 2023. Kabla muda huo haujaisha, Julai 2022, kilianza kikokotoo kimoja cha asilimia 33 kwa mifuko yote. Katika bajeti ya 2024/25 serikali ikakipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilipata nusu, na asilimia 35 kwa lile lililopata robo.

Mtumishi wetu wa mfano wa PSPF, kwa kanuni ya sasa inayotumia moja ya 580 na kizidisho cha 12.5, angeondoka na milioni 37 na pensheni ya shilingi 372,000. Serikali bado inamvuta kuliko sekta binafsi, ila kwa nguvu iliyopungua.

Cheki namba

Wengine huona kiinua mgongo kiko mbali mno kuwa sababu ya kuchagua kazi. Kwao kuna faida nyingine ya ajira ya serikali isiyoandikwa kwenye barua ya kuitwa kazini: cheki namba. Ni namba ya utambulisho ya mtumishi kwenye orodha ya malipo, na kwa benki ni dhamana. Mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya pembezoni, asiye na hati ya nyumba wala gari, anaweza kuingia tawi la benki Katesh au Mbulu mjini na kutoka na mkopo wa mamilioni unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara kwa miaka kadhaa.

Kuna ukomo. Kanuni ya theluthi moja inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Kwa wengi mstari huo hufikiwa mapema, hasa makato ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu yakijumlishwa na marejesho ya benki na ya SACCOS. Aliyeishiwa nafasi ya kukopa kihalali hujikuta kwa wakopeshaji wa mitaani wa kausha damu, wanaochukua kadi ya benki na namba ya siri kama rehani. Faida inayothaminiwa sana kazini ndiyo pia inayowaingiza wengi shimoni.

Mwajiri wa shule binafsi au duka la pembejeo hana cheki namba ya kumpa mtu. Anaweza kulipa vizuri mwezi huu na ujao, lakini benki haimjui mfanyakazi wake kama inavyomjua wa halmashauri. Tangu Julai 2025 pengo la mshahara wenyewe limepanuka, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza kwenye sherehe za Mei Mosi mjini Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa serikali kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000.

Kusoma kuliko nyumba

Songstad na wenzake waliwauliza watu waliokuwa kazini. Mtafiti mwingine wa Bergen, Julie Riise Kolstad, aliwauliza waliokuwa wanakaribia kuingia. Utafiti wake, uliochapishwa 2011, uliwahusisha wanafunzi 320 wa mwaka wa mwisho wa utabibu katika vyuo vya Tanzania. Hawakuulizwa wanapenda nini, maana mtu akiulizwa hivyo hutaja kila kitu. Walipewa kazi mbili mbili za kuchagua: hii ina mshahara mkubwa lakini iko mbali, ile ina nyumba lakini haina vifaa, nyingine inakupeleka masomoni baada ya miaka kadhaa. Chaguo baada ya chaguo, vipaumbele vyao vikajionyesha.

Ahadi ya kwenda kusoma baada ya kutumikia muda fulani ilikuwa miongoni mwa vivutio vyenye nguvu kuliko vyote. Mshahara mkubwa na posho ya mazingira magumu vilivuta pia. Nyumba nzuri, miundombinu na vifaa vilisaidia kuwapeleka watu pembezoni, ila si kwa kiasi cha masomo na fedha. Wanawake walivutwa na fedha kidogo kuliko wanaume, na walijali zaidi mambo yanayomwezesha mtu kuifanya kazi yenyewe vizuri.

Kwa anayewajua watumishi wa vijijini, matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja. Tabibu mwenye stashahada akipata shahada, mshahara wake hubadilika, na mshahara ndio unaokokotolewa uzeeni. Kujiendeleza ni mlango wa kupanda daraja, wa kuhamia mjini na wa kukuza kiinua mgongo, vyote kwa mara moja. Tena mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa rasmi ya masomo huendelea kupokea mshahara akiwa chuoni. Asiye na ruhusa huchagua kati ya chuo na kazi, au hujisomesha kwa kuiba muda wa likizo na wikiendi.

Hapo ndipo hospitali ya misheni yenye chuo chake, kama Haydom, ina karata ya kucheza. Inaweza kumfundisha mtu, na mafunzo ni kivutio. Tatizo ni kwamba aliyefundishwa huwa bora zaidi sokoni, na mwajiri mwenye pensheni nono anamsubiri nje ya geti.

Nyumba ya kazini na mwenye nyumba

Kwenye ramani Mbulu na Hanang ni majirani, lakini mtumishi aliyepangiwa huku hupima wilaya hizi kwa barabara. Katesh, makao makuu ya Hanang, iko kwenye lami ya Babati hadi Singida, mabasi yakipita mchana na usiku chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Haydom na vijiji vilivyo upande wake, kwa miongo mingi, vimefikiwa kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa tope wakati wa masika. Mwalimu mmoja anaweza kupangiwa shule iliyo hatua chache kutoka stendi, mwenzake wa kundi lilelile akapangiwa Yaeda Chini, ambako nyumba ya kupanga ya kueleweka ni adimu.

Kwa huyo wa pili, nyumba ya mwalimu iliyo jirani na shule ina thamani kuliko nyongeza ndogo ya mshahara. Inamwondolea kodi, na inamwondolea safari ya alfajiri. Kwa mwalimu wa kike anayekaa peke yake inakuwa pia suala la usalama.

Lakini nyumba ya mwajiri ina udhaifu wake, na Hanang ina historia ya kuonyesha. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu: Setchet, Mulbadaw, Gawal, Murjanda na mengine, yakawa saba yenye ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na mgogoro wake ulifika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Kwa walioajiriwa, hata hivyo, shamba lilikuwa zaidi ya mshahara. Lilikuwa kambi yenye nyumba, karakana na majirani wa kazini, nao ndio uliokuwa mtindo wa mashirika ya umma ya zama zile: mwajiri anakupa kazi na paa pamoja.

Mashirika yalipofilisika na kubinafsishwa, paa liliondoka pamoja na kazi. Aliyekaa miaka 20 kwenye nyumba ya shamba bila kujenga ya kwake alianza upya akiwa mtu mzima. Mchango uliopelekwa kwenye mfuko wa hifadhi, hata ulipokuwa mdogo, ulibaki na jina la mwanachama. Kizazi kilichoona hayo ndicho kilichowalea wauguzi waliowajibu watafiti wa Bergen, na si ajabu kwamba wengi hutanguliza faida isiyokufa na mwajiri.

Likizo, uzazi na mwenza aliye mbali

Marupurupu mengine hayahusu fedha ya mfukoni bali muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na mama aliyejifungua siku 84, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Kwa ugonjwa kuna siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Baada ya uzazi, mama ana haki ya saa mbili kila siku za kwenda kunyonyesha. Baba anapewa siku tatu. Jirani zetu wa Kenya wanawapa wababa wiki mbili.

Mei Mosi ya 2024 serikali iliahidi nafuu kwa mama wa mtoto njiti, na marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yakaiingiza: muda uliosalia hadi mimba ingetimia hauhesabiwi ndani ya zile siku 84. Kwa mama ambaye mtoto wake analazwa wiki nyingi Haydom huku kituo chake cha kazi kiko kilomita nyingi kutoka hapo, siku hizo zina uzito ambao hakuna posho inayoweza kuulipa.

Mtumishi wa umma ana nyongeza nyingine anayoisubiri kwa hamu: nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, kwa ajili yake, mwenza na wategemezi. Mwalimu wa Kagera au Mbeya anayefundisha Hanang huihesabu kama sehemu ya mshahara. Isipolipwa, nyumbani hakufikiki.

Halafu kuna kufuata mwenza. Mume yuko Moshi, mke yuko Mbulu. Au mke yuko Kahama, mume yuko Basotu. Uhamisho wa kuungana ni faida ambayo haipo kwenye orodha yoyote ya mafao, lakini ukisikiliza mazungumzo ya watumishi wapya, ndiyo inayotajwa kila siku. Makundi ya WhatsApp na Facebook yamejaa matangazo ya wanaotafuta wa kubadilishana nao vituo: aliyeko Manyara anamtafuta wa kada yake aliyeko Kilimanjaro au Arusha. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, na hivyo kupunguza safari za kubeba barua kutoka halmashauri hadi Dodoma. Kupata mtu aliye tayari kuja upande huu bado ndiyo kazi ngumu.

Bima inayobeba familia

Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Kadi inamhudumia mchangiaji, mwenza na wategemezi hadi wanne. Katika jamii ambayo mwenye mshahara mmoja anabeba ukoo, wazazi wawili kuingizwa kwenye kadi ni jambo kubwa kuliko semina kumi.

Hanang ina nafasi yake katika historia ya bima nchini. Ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuanzisha Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2002 ilifanyiwa tathmini iliyosomwa na wataalamu wa afya nje ya nchi. CHF ililenga wakulima na wafugaji wasio na mwajiri. Baadaye kaya ya watu sita ililipia CHF iliyoboreshwa shilingi 30,000 kwa mwaka, ingawa huduma zake zilikuwa finyu kuliko za kadi ya mtumishi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inawataka waajiri wa sekta rasmi kuwasajili wafanyakazi wao, nayo ikitekelezwa kikamilifu, tofauti kati ya dereva wa lori la vitunguu saumu na karani wa halmashauri mbele ya dirisha la dawa itapungua.

Nani kapelekwa semina

Mwaka mmoja kabla ya utafiti wa pensheni, Songstad na wenzake walikuwa wamechapisha mwingine kuhusu watumishi wa afya wa serikali. Huo ulikuwa na kichwa kinachozungumzia hisia ya kutotendewa haki. Malalamiko yaliyojitokeza yanajulikana katika ofisi yoyote ya umma: mshahara usiolingana na kazi, kupandishwa daraja kwa kuchelewa, uzoefu wa miaka mingi usiotambuliwa, na ugawaji wa posho.

Posho ya semina ndiyo inayoleta ugomvi haraka kuliko nyingine. Siku chache za mafunzo Babati au Arusha zinaweza kumwachia mtumishi wa ngazi ya chini kiasi kinachoonekana kikilinganishwa na mshahara wake. Anayechaguliwa mara kwa mara huonekana mtu wa bosi, na asiyechaguliwa huanza kufanya kazi kwa kiwango anachodhani analipwa.

Kupanda daraja nako kuna kisa chake. Mtumishi anaweza kupandishwa kwa barua leo na mshahara usibadilike kwa miezi, tofauti ikigeuka malimbikizo ya kudai. Hadi karibuni upimaji wa kazi ulifanyika kwa fomu za OPRAS, ambazo wengi walizijaza kutimiza wajibu tu. Tangu 2023 upimaji umehamia kwenye mfumo wa PEPMIS, ambako mtumishi huingiza majukumu yake na msimamizi huyathibitisha. Kwa mhudumu wa zahanati yenye mtandao wa kusuasua, kuingiza kazi kwenye mfumo kumekuwa kazi nyingine ya ziada.

Watafiti na viongozi wa vyama vya wafanyakazi hukutana kwenye jambo moja hapa. Marupurupu yasiyo na utaratibu unaoonekana huvunja moyo wa wengi kuliko yanavyomfurahisha anayeyapata.

Wasio na barua ya ajira

Haya yote yanawahusu wachache. Wengi wa watu wa Mbulu na Hanang ni wakulima na wafugaji, na kazi ya kuajiriwa wanayoijua ni kibarua cha palizi, uchungaji, duka, bodaboda au kazi ya nyumbani. Huko pia kuna mafao, ila yana sura tofauti. Kijana wa kuchunga hukubaliana chakula, nguo na mtamba baada ya muda fulani. Mtamba akizaa, mfanyakazi ameanza mji wake. Ni kiinua mgongo cha aina yake, na kama kile cha mfuko wa hifadhi, kinategemea mwajiri kukumbuka ahadi.

Katika bonde la Yaeda kuna mfano mwingine. Mradi wa hewa ukaa unaoendeshwa na Carbon Tanzania pamoja na vijiji vya Wahadzabe na Wadatoga umeajiri vijana wa vijiji hivyo kulinda misitu. Walinzi hao wanalipwa, lakini sehemu ya mapato ya mauzo ya hewa ukaa huingia pia kwenye matibabu na elimu ya jamii. Hapo faida ya kazi ya mmoja inamfikia hata jirani asiyeajiriwa, jambo ambalo ofisi nyingi za mjini hazijalifikiria.

Kwa waajiri wadogo wa Katesh, Mbulu mjini na Haydom, kushindana na serikali kwa mshahara ni vigumu. Lakini mengi ambayo wafanyakazi wanayathamini tayari ni wajibu wa kisheria: mkataba wa maandishi, likizo yenye malipo, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5 ya mishahara, na asilimia 20 ya NSSF ambayo mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mwalimu wa shule binafsi hulalamika zaidi pale makato yanapoonekana kwenye karatasi ya mshahara na hayaonekani kwenye mfuko. Mwajiri anatakiwa kuyapeleka ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha, na akichelewa hutozwa adhabu.

Mwanachama wa NSSF hahitaji kusafiri hadi Babati kujua kama michango imefika. Anaweza kuangalia taarifa zake kwa simu, mwezi kwa mwezi. Akikuta miezi imerukwa, mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri na hata kumfikisha mahakamani. Pensheni kamili ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, kwa hiyo kila mwezi uliorukwa ni mwezi anaopaswa kuufidia mbele, na ni rahisi zaidi kuudai mwajiri akiwa bado na shule au duka lake kuliko miaka 15 baadaye.